Mnara wa tanki la maji kwenye kompyuta: mwongozo kamili wa uchambuzi wa mstari kwa elementi finiti

Hapa Moshi, kuanzia Majengo hadi Pasua, minara ya chuma yenye matanki ya plastiki juu yake imejaa nyuma ya nyumba, kwenye shule na kwenye magesti. Mingi ilipimwa kwa jicho la fundi, na jicho hilo si la kudharau, maana limeona mengi. Lakini jicho halioni upepo wa kona ukivuta mguu mmoja kutoka ardhini, wala halioni mguu mwembamba ukijiandaa kuchepuka, yaani kupinda ghafla pembeni, wakati chuma chenyewe bado kina nguvu tele. Kompyuta inaweza kuyaona yote mawili, mradi uiulize vizuri. Mwongozo huu ni wa mhandisi kijana, fundi sanifu, au fundi yeyote mwenye laptopu anayetaka kujua programu za elementi finiti zinaweza kumfanyia nini, na wapi asiziamini.

Nitatumia mfano mmoja tu toka mwanzo hadi mwisho: mnara wa mita 6, tanki la lita 5,000, miguu minne ya engo ya milimita 75 kwa 75 unene 6, imesimama kwenye mraba wa mita 2 kwa 2.

Neno "mstari" lina maana gani

Programu huvunja mnara wako kuwa vipande vidogo, yaani elementi, vinavyokutana kwenye nodi. Kila elementi ina ukakamavu wake, yaani jinsi inavyokataa kupinda au kuvutika. Programu hujumlisha ukakamavu wote katika jedwali moja kubwa la namba, kisha hutafuta misogeo ya nodi zote kwa mlinganyo mmoja: ukakamavu mara msogeo ni sawa na nguvu. Jina la elementi finiti lilitolewa na Ray Clough wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1960. Miaka ya sitini hiyohiyo NASA waliagiza programu ya NASTRAN iandikwe kwa ajili ya vyombo vyao, na mwaka 1970 Edward Wilson, naye wa Berkeley, akatoa programu ya SAP. Kiini cha hesabu hakijabadilika tangu hapo.

Kuita uchambuzi "wa mstari" ni kukubali mambo matatu. Misogeo ni midogo kiasi kwamba umbo la mnara halibadiliki. Chuma kikiachiwa hurudi kilivyokuwa. Na viegemeo vinabaki vilevile toka mwanzo hadi mwisho: kilichoshikwa kimeshikwa, kilichogusana hakiachani.

Ukiyakubali hayo unapata zawadi kubwa: mzigo ukizidishwa mara mbili, kila jibu linazidishwa mara mbili, na majibu ya mizigo tofauti yanajumlishwa. Unapiga hesabu ya maji mara moja na ya upepo mara moja kwa kila upande, kisha unachanganya kwa vizidishi unavyotaka bila kuendesha programu upya. Juu ya hapo programu hukupa nguvu za viegemeo, mkazo (nguvu kwa kila eneo) ndani ya kila kipande, mzigo wa kuchepuka, mitikisiko ya asili (mnara huyumba mara ngapi kwa sekunde), mwitikio kwa tetemeko, na athari za joto. Hilo la joto wengi hulisahau kwenye mapaa. Chuma hutanuka sehemu 12 kwa milioni kwa kila digrii, hivyo boriti ya mita 20 ikipata joto la digrii 30 zaidi hurefuka milimita 7. Ukiibana ncha zote mbili isirefuke, inabeba mkazo wa megapaskali 72 kabla hujaweka hata bati moja juu yake.

Programu zipi

Ofisi zenye leseni hutumia SAP2000, STAAD.Pro, Robot, na kwa mambo mazito Abaqus au ANSYS. Za bure zipo na ni nzuri. Frame3DD ni ya fremu na kenchi: unaandika faili la maandishi lenye nodi, eneo la chuma na ukakamavu wake, nayo inakupa misogeo, nguvu na mitikisiko. Kwa pleti na vipande vizito kuna FreeCAD, ambayo hukuchorea na kukukatia meshi, yaani wavu wa elementi, kisha huipa kazi CalculiX ya kukokotoa. Ipo pia Code_Aster ya shirika la umeme la Ufaransa, EDF, yenye uwezo mkubwa lakini inayodai subira. Ushauri wangu: fremu nzima ifanye kwenye programu ya fremu, na pleti ya chini peke yake ifanye kwenye FreeCAD. Anayejaribu kuchora mnara mzima kama kipande kimoja kizito, na kila bolti yake, hupoteza wiki nzima na hapati jibu bora.

Hatua ya kwanza: kalamu kabla ya kompyuta

Usifungue programu hadi uwe na namba zako kwenye karatasi. Maji lita 5,000 ni kilo 5,000, yaani kilonyutoni 49. Tanki, sakafu na chuma cha mnara nakadiria kilonyutoni 8. Jumla 57, kila mguu unabeba karibu 14. Engo ya 75 kwa 6 ina eneo la milimita za mraba 873, kwa hiyo mkazo ni megapaskali 16. Chuma cha kawaida huanza kulegea bila kurudi kwenye megapaskali 250 hivi. Mguu wa mita 6 utafupika nusu milimita.

Andika namba hizo nne: 57, 14, 16 na 0.5. Ndizo mashahidi wako. Programu ikileta kitu kilicho mbali nazo, kosa liko kwenye modeli yako hadi ithibitike vinginevyo.

Hatua ya pili: vizio

CalculiX haijui milimita wala mita. Inajua namba tu. Ukichora kwa milimita na kuweka nguvu kwa nyutoni, mkazo utatoka kwa megapaskali na moduli ya Young, yaani kipimo cha ukakamavu wa chuma, ni 200,000. Hapo mambo bado ni mepesi. Mtego uko kwenye uzani: chuma ni kilo 7,850 kwa mita ya ujazo, lakini katika mfumo huu lazima uandike kwa tani kwa milimita ya ujazo, yaani 7.85 na kipeo cha kumi hasi 9. Watu huandika kipeo hasi 6, wakidhani kilo zinafaa. Masi inazidi mara 1,000, na mitikisiko inashuka mara 31 na kitu. Ukiona mnara unatikisika mara 0.1 kwa sekunde pale ulipotarajia mara 3, usitafute kosa kwenye bresi, zile fito za kukaza miguu. Rudi kwenye uzani. FreeCAD inakubadilishia vizio yenyewe, lakini ukilifungua faili la CalculiX na kulihariri kwa mkono, jukumu limerudi kwako.

Hatua ya tatu: chagua elementi

Fito za bresi zilizofungwa kwa bolti moja kila ncha ni elementi za kenchi: zinavutwa au zinabanwa, hazipindwi. Miguu inayoendelea kupita viungo ni elementi za boriti. Pleti nyembamba ni elementi za ganda. Kipande kinene ni elementi nzito, na nitairudia mbele kwa sababu ndiyo inayodanganya zaidi.

Tanki lenyewe usilichore. Weka nodi moja katikati ya kimo cha maji, mita 1.1 juu ya sakafu, iunganishe na kona nne za sakafu kwa viungo visivyopinda, na masi yote ya maji iweke hapo.

Hatua ya nne: viegemeo

Hapa ndipo modeli nyingi huharibikia. Nodi ya boriti ina uhuru wa aina sita: kusogea pande tatu na kuzunguka pande tatu. Unapobofya "fikisi" umefunga yote sita, na umeiambia programu kwamba chini ya mguu kuna mwamba usiokubali hata kuzunguka. Sasa nenda ukatazame kilichopo: pleti ya milimita 10, bolti mbili zimepangwa kwenye mstari mmoja, juu ya zege lililomwagwa na vijana wawili mchana mmoja. Pleti hiyo inazunguka. Ni bawaba.

Kwa hiyo zuia misogeo mitatu, acha mizunguko huru. Modeli ikikataa kukokotoa na kulalamika kwamba jedwali halina suluhisho, usikimbilie kufunga viegemeo zaidi. Malalamiko hayo ni ya thamani: yanakuambia mnara wako, kama ulivyouchora, unaweza kulala wenyewe. Mara nyingi ni upande mmoja uliosahau bresi, au nodi mbili zinazoonekana kama moja kwenye skrini kumbe hazikuunganishwa. Niliwahi kupoteza siku nzima kwa nodi mbili zilizopishana kwa sehemu ya kumi ya milimita.

Hatua ya tano: mizigo, na tanki tupu

Fundi mmoja tuliyekuwa naye Kiboriloni aliniuliza, "Injinia, si tupime tanki likiwa limejaa tu? Likiwa tupu kuna nini cha kuogopa?" Nilimjibu, "Mzee wangu, kwa miguu umesema kweli. Kwa bolti za msingi, tupu ndiyo hatari." Tukakaa chini tukapiga hesabu pamoja.

Kwa mfano chukua upepo wa mita 40 kwa sekunde. Yako itoke kwenye kiwango unachotumia. Shinikizo ni 0.613 mara kasi kwa kipeo cha pili, karibu kilopaskali 1. Namba 0.613 ni ya hewa ya pwani. Huku kwetu juu hewa ni nyepesi, Arusha zaidi kuliko Moshi, lakini punguzo hilo mimi sijipi. Tanki lina eneo la mita za mraba 4 hivi, na kwa sababu ni la mviringo tunachukua 0.8 ya hiyo: kilonyutoni 3.2, zikisukuma kwenye kimo cha mita 7.1. Upepo ukija kwa kona, mguu mmoja wa mbele unavutwa juu na wa nyuma unabanwa, na umbali kati yao ni mita 2.83. Gawanya: kilonyutoni 8 kila mmoja.

Tanki likijaa, mguu una mgandamizo wa 14, kwa hiyo unabaki na 6 za kubana. Tanki likiwa tupu, mguu una 2 tu. Toa 8: mguu unavutwa juu kwa kilonyutoni 6. Fundi alinyamaza, kisha akauliza zege la mguu lina uzito gani. Hilo ndilo swali lenyewe.

Kwa vizidishi vya usalama, upepo mara 1.4 na uzito unaosaidia kushikilia mara 0.9, mvuto unafika 9.4. Zege la sentimita 80 kwa 80, kina 70, lina uzito wa kilo 1,075, na kwa 0.9 linatoa 9.5. Ndiyo kwanza linasawazisha, na bado sijahesabu upepo unaopiga fito za mnara zenyewe. Nenda sentimita 90 au zaidi.

Sasa angalia uchambuzi wa mstari unavyoweza kukuficha jambo. Kwenye modeli, kiegemeo kinashika juu na chini sawasawa. Mguu ukivutwa, programu itakuandikia nguvu hasi ya 6 na kuendelea kwa utulivu, kana kwamba zege halina mwisho. Haitakuonya. Kazi ya kusoma alama ya kutoa mbele ya namba ni yako.

Michanganyiko isiyopungua minne: uzito na maji; uzito, maji na upepo wa ubavu; uzito, maji na upepo wa kona; uzito bila maji na upepo wa kona.

Hatua ya sita: endesha, kisha hoji

Jambo la kwanza si rangi. Jumlisha nguvu za viegemeo za wima: lazima zirudi 57. Za ulalo lazima zirudi 3.2. Kisha tazama umbo lililopinda likikuzwa mara mia, uone kama mnara unayumba kama mnara. Mguu mmoja ukienda kinyume na wenzake, kuna kiungo kimelegea. Ukimaliza hapo ndipo ufungue picha ya mkazo.

Kama bresi zako ni nondo nyembamba zilizopishana kama mkasi, kumbuka kwamba nondo haibani. Ikisukumwa inapinda tu. Programu ya mstari itaipa nusu ya kazi bila kujua. Dawa ni rahisi: kwa kila upande wa upepo, futa kwenye modeli nondo inayobanwa, uache inayovutwa.

Hatua ya saba: kuchepuka kwa miguu

Mkazo wa megapaskali 16 unamfanya mtu alale usingizi. Sasa piga hesabu ya Euler, ile ya mzigo unaochepusha nguzo. Engo hii kwenye mhimili wake dhaifu, ule wa mshazari, ina kipimo cha umbo cha kukataa kupinda (moment of inertia) cha sentimita 18.5 za kipeo cha nne. Mguu wa mita 6 usioshikwa popote katikati, ncha zake zikizunguka kwa uhuru, unachepuka kwenye kilonyutoni 10. Nasi tumeupa 14. Utaruka pembeni maji yakifika kama theluthi mbili ya tanki, chuma kikiwa kimetumia chini ya sehemu moja ya ishirini ya nguvu yake. Uchambuzi wa kawaida wa mstari hautasema lolote kuhusu hilo. Utakuonyesha bluu tupu.

Ndiyo sababu programu zina hatua ya pili, uchambuzi wa kuchepuka. Kwenye CalculiX inaitwa kwa neno BUCKLE. Unaipa mzigo wako, inakurudishia kizidishi: ikisema 0.7, mnara utaanguka kwenye asilimia 70 ya mzigo. Sasa weka bresi kila mita 2. Urefu ukigawanywa kwa 3, uwezo unazidishwa kwa 9: kilonyutoni 91. Kwa mguu wa nyuma kwenye upepo wa kona, unaobeba 22, kizidishi ni 4.

Kizidishi hicho ni cha chuma kilichonyooka kabisa, kilichobanwa katikati kabisa. Engo ya dukani imepinda kidogo, na imeshikwa kwa bawa moja. Kwa hiyo 4 ni mwanzo wa mazungumzo. Baada yake nenda kwenye Eurocode 3, kiwango cha Ulaya cha miundo ya chuma, au kiwango unachokifuata ukapunguze uwezo kwa wembamba wa mguu, ambao hapa ni 137. Mimi kizidishi kikishuka chini ya 3 kwenye mnara wa watu, naongeza bresi bila mjadala.

Hatua ya nane: mitikisiko

Sisi tuko kando ya Bonde la Ufa. Julai 2007 ardhi ilitikisika kwa siku nyingi upande wa mlima Gelai, kaskazini ya Arusha, na mtikisiko mkubwa ulikaribia kipimo cha 6. Mji mzima uliusikia, hata Nairobi. Tani 5 kwenye kimo cha mita 7 hazitaki utani na jambo hilo.

Iombe programu mitikisiko mitatu ya kwanza, neno lake kwenye CalculiX ni FREQUENCY. Kuihakiki: geuza uzito wote uwe wa ulalo, soma msogeo wa juu kwa milimita, tafuta kipeuo chake cha pili, kisha 15.8 igawe kwa namba hiyo. Msogeo wa milimita 25 unakupa 15.8 kwa 5, yaani hezi 3 na kidogo, mara 3 na kidogo kwa sekunde. Programu ikiwa karibu na hapo, masi na ukakamavu viko sawa. Kutoka hapo unaweza kuendelea na mwitikio wa tetemeko, nao ni wa mstari vilevile.

Hatua ya tisa: pleti, meshi na mfuko wa saruji

Kabla ya kuiamini programu kwenye pleti ya msingi, ijaribu kwa kitu unachoweza kukishika. Chukua chuma bapa cha upana wa milimita 50 na unene 10. Kibane kwenye jiliwa, kitokeze milimita 200, na nchani kwake tundika mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50. Kwa mkono: ncha inashuka milimita 1.57, na mkazo kwenye mdomo wa jiliwa ni megapaskali 118. Tulifanya hivyo kwenye karakana moja ya Unga Limited, Arusha, tukapata karibu milimita 2, maana taya za jiliwa nazo hulegea kidogo. Ni jambo lile lile la viegemeo, sasa unaliona kwa macho.

Kichore kipande hicho FreeCAD. Kata meshi ya piramidi za nodi 4, safu moja kwenye unene. Ncha itashuka nusu ya inavyopaswa, au hata chini ya hapo, kwa sababu elementi hizo ni kakamavu kupita kiasi zikipindwa. Zibadilishe ziwe za nodi 10, usiguse kingine. Utafika 1.57 au hapo karibu. Sijaona somo zuri kuliko hilo kuhusu meshi, na linachukua dakika 10.

Kisha ifanye meshi kuwa ndogo kwa nusu, mara tatu mfululizo, ukiandika mkazo wa kila mara. Sehemu nyingi zitatulia. Kwenye kona ya ndani iliyo kali kama kisu, mkazo utapanda kila unapokata meshi na hautatulia kamwe. Si chuma kinachopasuka, ni jiometri isiyokuwepo duniani. Soma mkazo umbali wa unene mmoja wa pleti kutoka kona hiyo, au chora mviringo wa kulehemu kama utakavyokuwa kweli.

Hatua ya kumi: kwa fundi na uwanjani

Fundi hahitaji picha za rangi. Mpe ukurasa mmoja: urefu wa kila kipande, bresi kila mita 2, idadi na unene wa bolti, na vipimo vya zege. Michoro ipitie kwa mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi aweke sahihi.

Siku ya kujaza maji, usijaze kwa mkupuo. Funga mpira wa maji kwenye miguu minne uweke alama ya usawa, ning'iniza timazi toka katikati ya sakafu, kisha jaza robo, nusu, robo tatu, ukisoma kila hatua. Modeli imesema mguu utafupika nusu milimita. Mguu mmoja ukishuka milimita 5, chuma hakihusiki: ni udongo, hasa kama uko kwenye ule mweusi unaopasuka kiangazi. Fungua koki, toa maji, chimba msingi wa mguu huo.